Kikohozi cha Nyuma ya Ukuta

Kwa miaka thelathini na mmoja, ndoa ya wazazi wa Kitinda ilipita kwenye tundu la ukuta.

Tundu lenyewe halikuwa la kujivunia. Lilitosha bomba la maji na kidole kimoja pembeni. Upande mmoja wa ukuta kulikuwa na bafu, sakafu ya saruji na kigoda cha kuogea. Upande wa pili kulikuwa na kibanda cha moto, ambamo pipa la chuma lililazwa juu ya jiko la matofali, na juu yake dohani yenye viraka vingi kuliko bati. Kila alfajiri mama alijikunyata kibandani akichochea kuni, baba akasimama bafuni na taulo begani, na baridi ya milimani ikiwauma hadi kwenye meno, wakaongea kupitia tundu hilo. Habari za ng'ombe, za watoto, za jirani aliyesogeza mpaka hatua mbili. Humo waligombana na humo wakapatana. Mezani walikuwa watu wa kimya, mgeni angedhani wamenuniana, kumbe maneno yao yote walikwisha kuyamaliza ukutani.

Chumba cha Kitinda kilipakana na kibanda, kwa hiyo alikua akiwasikia kama watoto wengine wanavyosikia redio. Aliujua mwanzo wa mazungumzo yao. Kwanza mama alikohoa mara tatu. Akanyamaza. Kisha akakohoa mara moja tena, ya kusafisha koo. Ndipo baba alipouliza, "Yameiva?" Na mama akajibu, "Yameiva. Oga."

Mama alikufa kwa kifua. Muuguzi wa zahanati alisema ni moshi wa miaka mingi, akasema kwa upole, lakini alisema.

Kitinda alikuwa wa mwisho kuzaliwa, na jina hilo lilimganda tangu utotoni. Dada zake walikwisha kuolewa mbali. Siku wageni wa msiba walipoondoka, alfajiri iliyofuata alimkuta baba amesimama bafuni na taulo begani, hajawasha taa, hasemi kitu. Hakuna aliyemwambia Kitinda afanye nini. Aliingia kibandani akawasha moto. Akaendelea hivyo miaka miwili, na katika mwaka wa pili naye akaanza kukohoa.

"Wewe," muuguzi alimwambia, safari hii bila upole, "moshi basi. Mama yako nilimwambia akacheka. Mapafu hayana spea, dada."

Baba yake alikuwa mpima maziwa katika kituo cha kukusanyia maziwa. Watu walimwita Mzee Lita, naye aliitika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa mazoea, ukimhamishia kikombe chake rafu nyingine anakaa siku nzima na kiu. Kitinda alipomweleza maneno ya muuguzi alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi tutaona," na kesho yake akasimama tena bafuni na taulo begani.

Aliyeona ni shangazi. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, anakaa ng'ambo ya bonde, na ulimi wake ulifika kabla ya miguu yake. Ndiye aliyeongoza kikundi cha akina mama kilicholeta sola za maji moto vijijini, paneli nyeusi ya kulaza juu ya bati na tangi la duara kichwani mwake. Nyumba kumi na saba zilikwisha kufungiwa. Siku hiyo alikuja na fundi, na hakubisha hodi.

"Kaka, toka nje uone jua. Hili hapa linawaka bure tangu uzaliwe na wewe unachoma msitu."

"Shikamoo dada," alisema baba.

"Marahaba. Usinipake mafuta. Mke umemzika, mtoto humo ndani anakohoa kama trekta. Unangoja nini, nimzike mimi?"

Baba alitazama viatu vyake. Kisha akasema, "Wafunge."

Fundi aliitwa Koleo, kwa sababu koleo halikutoka mfukoni mwake hata kanisani, walivyosema. Alipanda juu ya bati, akapima na pima maji yake, akashuka anajifuta jasho. Kazi ni ndogo, alisema. Bomba la maji moto litashuka kutoka kwenye tangi, litapita hapa kwenye kibanda, liingie bafuni kupitia tundu lile lile. Ila jiko na pipa vibomolewe. Ndiyo kanuni ya kikundi, maana anayebaki na jiko hurudi kwenye jiko.

"Hilo halibomolewi," alisema baba.

"Mzee, bomba linatakiwa lishuke sawasawa. Pipa liko njiani."

"Lizungushe."

"Nitalirusha juu ya pipa? Litapanda kisha lishuke. Litakuwa na nundu."

"Ngamia ana nundu na anabeba maji."

Koleo alicheka peke yake. Alimtazama shangazi, na shangazi, ambaye hakuwahi kushindwa hoja na kaka yake maishani, alimwona baba ameweka kiganja juu ya pipa kama anavyopapasa ng'ombe anayetaka kuzaa. Akageuza uso. "Lirushe," alisema. "Kikundi nitaongea nacho mimi."

Hivyo ndivyo bomba lilivyofungwa likiwa na nundu.

Asubuhi ya kwanza Kitinda aliamka jua liko dirishani. Alishtuka, akaruka kutoka kitandani akidhani amechelewa kuwasha moto, kisha akasimama katikati ya chumba hana la kufanya. Hewa ilinukia majani. Nje alimkuta baba amekwisha kuoga, uso unang'aa, anafunga vifungo vya shati la kazi.

"Yalikuwa ya moto?" alimuuliza.

"Ya moto," alisema baba. Akasita, kama mtu aliyesahau kitu chumbani. "Ila bafu limekuwa kimya sana."

Siku kama kumi zilipita. Kifua cha Kitinda kilianza kulegea, akaweza kupanda kutoka mtoni na ndoo bila kuketi njiani. Kisha asubuhi moja, kungali na kiza chepesi, alisikia akiwa kitandani.

Kho. Kho. Kho.

Kimya.

Kho.

Aliketi kitandani. Kikohozi kilitoka kibandani, nyuma ya ukuta wake, kwa sauti ya chini na pumzi ileile ndefu katikati. Alijua hakuna mtu, kwa kuwa ufunguo wa kibanda ulikuwa chini ya mto wake. Upande wa bafu alisikia koki ikifungwa. Muda ukapita. Kisha sauti ya baba, nyembamba, sauti ambayo hakuwahi kuisikia mezani:

"Yameiva?"

Hakuna aliyejibu. Kitinda alijifunika shuka hadi machoni na hakutoka hadi aliposikia lango likifungwa.

Mchana huo alikwenda kumtafuta Koleo. Alimkuta juu ya bati la mwalimu mkuu, akamweleza kutoka chini, naye Koleo akacheka hadi paneli ikatikisika.

"Hewa hiyo, dada! Si nilisema mimi? Usiku kucha hewa inakusanyika pale kwenye nundu. Alfajiri mzee akifungua koki, maji yanaisukuma, nayo inatoka kwa vipande. Kho, kho. Mabomba yote yanakohoa ukiyafunga vibaya."

"Mara tatu, halafu moja?"

"Inategemea nundu." Kisha akaacha kucheka, maana aliuona uso wake. "Nije nitoboe pale juu, niweke valvu ndogo ya kutolea hewa. Nusu saa tu."

Alikuja kesho yake. Baba alimkuta juu ya ngazi mlangoni mwa kibanda, akamtazama kwa utulivu, akamwambia, "Kijana, ukigusa bomba hilo nitalimwaga hilo sanduku lako la spana mtoni." Koleo alishuka. Mzee Lita hakuwa mtu wa kutisha watu, ndiyo maana neno hilo lilitisha.

Tangu hapo baba hakuoga tu. Aliketi kwenye kigoda, akafungua koki, akasubiri kikohozi, akafunga. Akauliza swali lake. Akasubiri. Akafungua tena. Asubuhi nyingine alimaliza tangi zima na mwili wake haujagusa tone.

Asubuhi moja, Kitinda alikuwa kibandani. Alikuwa ameingia mapema na toroli kuhamisha majivu ya zamani ayapeleke bustanini, na alipoinama na sepetu, bomba juu ya kichwa chake likatikisika. Kho, kho, kho. Kho. Alikuwa karibu nalo kiasi cha kuona vumbi likiruka juu ya nundu.

"Yameiva?" aliuliza baba kutoka ng'ambo.

Kitinda alilaza sepetu chini polepole.

"Mama watoto. Yameiva?"

Alingoja. Kisha akauliza mara ya tatu, na safari hii sauti ilikatika katikati, kama ya mtoto aliyeachwa sokoni ambaye bado anajikaza asilie mbele za watu. Kitinda hakuamua kitu. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Yameiva. Oga."

Kilichomtisha si kwamba alisema. Ni sauti. Hakuiga. Hakujaribu hata kidogo. Miaka miwili ya moshi ilikuwa imemkwangua koo hadi ikabaki sauti ya mama, tayari, inangoja kutumiwa. Aliweka mkono mdomoni kama mtu aliyemeza nzi. Ng'ambo ya ukuta kigoda kilisogezwa. Kisha maji yakaanza kumwagika, na baba akaoga, akaoga vizuri, akijisugua mgongo na kuguna kwa raha kama zamani.

Jioni alirudi kutoka kituoni amebeba mzigo wa kuni.

"Za nini, baba?" Kitinda aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Kule nyuma kuna baridi," alisema baba bila kumtazama. "Mtu hawezi kusimama kule asubuhi yote bila moto."

Akauchukua ufunguo wa kibanda, akawasha. Kesho yake akawasha, na kesho kutwa. Aliamka kabla ya jogoo, akawasha moto chini ya pipa tupu, akazunguka kuingia bafuni. Na moto ulipopiga ile nundu kutoka chini, maji ndani yake yalichemka na hewa ikazidi, sasa bomba likakohoa hata koki ikiwa imefungwa. Kadiri alivyochochea ndivyo lilivyokohoa. Kadiri lilivyokohoa ndivyo alivyochochea.

Moshi ulirudi chumbani kwa Kitinda kupitia nyufa zilezile. Aliziba kwa matambara, ukapita chini ya mlango. Alihamishia godoro sebuleni, ukamfuata huko kama paka anayejua jina lake. Kifua kilichokuwa kimelegea kikafunga tena. Wiki ya tatu aliketi mara nne kati ya mto na nyumba, na mara ya nne ndoo ilimponyoka ikabiringika hadi chini, akaitazama tu, hakuwa na pumzi ya kuilaani.

Kituoni, wenye ng'ombe walianza kunung'unika kwamba Mzee Lita anachelewa, na akifika ananuka. "Amepata mke wa bati," walisema, "hampikii, anamfukiza tu." Aliyasikia. Aliandika lita zao kwa mwandiko uleule ulionyooka.

Shangazi alipopata habari alivuka bonde kwa hasira.

"Kaka! Unanuka kama samaki wa kukaushwa. Nimekuletea jua hadi juu ya bati lako na wewe umelipita ukaenda kuokota kuni?"

"Dada, hili huliwezi."

"Lipi nisiloliweza? Mimi pia nilizika. Mwaka mzima nilisikia viatu vya marehemu uani. Nilivigawa viatu, nikaacha kuvisikia."

"Wewe uliacha kumsikia," alisema baba. "Mimi bado."

Shangazi alifungua mdomo akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza Kitinda kuona hivyo. Kisha akamvuta Kitinda pembeni, karibu na zizi, akamshika mabega.

"Fungasha nguo. Leo unalala kwangu."

"Nani atamwangalia na moto?"

"Moto utamwangalia yeye! Mwanangu, nisikilize. Muuguzi amenieleza yote. Wewe huna miaka thelathini na mmoja ya kuvuta moshi kama mama yako. Wewe umebakiwa na kidogo sana."

"Nipe siku tatu, shangazi."

"Za kufanya nini?"

Kitinda alitazama dohani. Hakuwa amemwambia mtu yeyote kuhusu lile neno. Kila alipotaka kulitoa, lilikwama mahali palepale palipokwama moshi. Alijua jambo moja tu: moto ule aliuwasha yeye, kwa mdomo wake, na akiondoka bila kuuzima hata kwa shangazi atausikia ukilia.

Siku ya kwanza kati ya zile tatu alijificha kando ya bafu, nje, sikio ukutani. Bomba lilikohoa. Baba aliuliza swali lake. Kisha hakurudia. Alinyamaza kwa muda wa mtu anayejibiwa, muda wenye urefu wake, si mfupi si mrefu. Akasema, "Ni wewe, nani mwingine?" Akanyamaza tena. Kisha akacheka. Kicheko cha tumboni, cha zamani, cha kupitia tundu.

Kitinda alizunguka mbio hadi kibandani. Moto ulikuwa unawaka, mlango umerudishwa, na ndani hapakuwa na mtu. Moshi ulikuwa umesimama wima mbele ya tundu, haupandi, hausambai. Alipoingia ukavunjika. Alikohoa hadi akapiga magoti.

Siku ya pili hakuweza kuinuka. Siku ya tatu aliinuka.

Ilikuwa alasiri. Baba hakuwa amekwenda kazini kwa mara ya kwanza tangu msiba, alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, akipasua kuni vipande vyembamba vya kuwashia na kuvipanga kwa urefu. Kitinda alikuja akasimama mbele yake. Alikuwa ameyapanga maneno usiku kucha kama mtoto anayekwenda kukariri mbele ya darasa, na yote yakamtoroka.

"Baba, ile asubuhi uliyojibiwa. Ni mimi."

Panga lilisimama.

"Nilikuwa kibandani natoa majivu. Uliuliza mara tatu nikashindwa. Nilisema 'Yameiva, oga.' Ni mimi nilisema, baba. Si mama. Nisamehe. Umewasha moto wote huu kwa ajili ya neno langu."

Alingoja kipigo, au kilio, au ule ukimya wake wa kutazama viatu. Baba aliweka panga chini polepole. Alimwangalia, na machoni mwake hakukuwa na hasira, kulikuwa na mshangao wa mtu anayeelezwa jambo ambalo halihusiani na analolijua.

"Asubuhi ile ya toroli," alisema.

"Ndiyo."

"Ile niliijua baadaye. Niliona alama ya gurudumu kwenye majivu." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Hiyo ilikuwa mara moja, mwanangu. Zile nyingine je?"

Kitinda alirudi hatua moja. "Zipi nyingine? Sikurudia. Naapa sikurudia."

"Najua hukurudia. Hizo nyingine hasemi 'yameiva'. Hata siku moja hajasema 'yameiva'. Anasema kitu kimoja tu. Kila asubuhi hicho hicho."

"Anasema nini?"

Baba alitazama upande wa kibanda. Dohani ilikuwa bado inatoa uzi mwembamba wa moshi wa asubuhi.

"Ananiuliza, nani huyo anakohoa?"

Kuku alipita kati yao, akachokora vumbi, akaenda zake.

"Mimi namwambia, ni wewe, mama watoto, nani mwingine? Anasema, si mimi. Mimi niliacha. Nani anakohoa hapo? Nikadhani ananitania, unajua alivyokuwa. Nikacheka." Aliokota kipande cha kuni, akakiweka chini. "Jana hakutania. Jana aliniuliza kama mzazi anavyomuuliza mtu aliyemwachia mtoto amshikie."

Kitinda alitaka kusema kitu, lolote, kwamba ni hewa, ni nundu, ni huzuni tu baba inakuchezea. Alifungua mdomo na kikohozi kikaja badala ya maneno. Kilimkunja. Alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, kikaja tena, kikavu, kikitoka chini kabisa ambako hakuna hewa, mara tatu. Kikatulia. Alipodhani kimekwisha kikaja kimoja tena.

Alipoinua uso, baba alikuwa amesimama. Rangi ilikuwa imemtoka. Hakuwa akitazama kibanda tena. Alikuwa anamtazama yeye, kifua chake, mabega yake yaliyochongoka chini ya sweta, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali na amefika sasa hivi.

"Ni wewe," alisema.

Hakuongeza neno. Aliingia zizini akatoka na mtaimbo.

Pigo la kwanza lilipiga dohani, ikaanguka na masizi ya miaka yote, kibanda kizima kikawa cheusi na yeye ndani yake. Kitinda alisikia matofali yakikatika. Alimsikia baba akiguna, akipiga, akisema "basi, basi, basi", na hakujua anamwambia nani. Pipa lilipoporomoka lilitoa mlio mrefu hadi mbwa wa ng'ambo ya bonde wakajibu. Baba alilibiringisha nje kwa mguu. Alitoka uso mweusi tiii, machozi yamechora mifereji miwili, akaketi juu ya pipa akihema.

"Kamwite yule ngamia wa spana," alisema. "Mwambie anyooshe bomba lake."

Koleo alifika kesho yake na hakufanya mzaha hata mmoja, jambo ambalo shangazi aliyemsindikiza alisema anaona ni dalili ya ugonjwa. Alikata nundu, akaunga kipande kipya, akakilaza juu yake pima maji. Kitone cha hewa ndani ya kioo kilikaa mahali pake. Alifungua koki bafuni. Maji yalitoka kimya, ya moto, mfululizo, yakatoa mvuke.

"Halikohoi tena, mzee," alisema. "Hata ukilibembeleza."

"Asante, kijana," alisema baba. Shangazi alichukua ufagio, akaanza kufagia masizi bila kuambiwa. Kuni zilizobaki alizipakia kwenye toroli, akazisukuma hadi nje ya lango.

Kitinda alilala chumbani kwake usiku ule. Alfajiri aliamka kwa mazoea akasikiliza. Alisikia hatua za baba kwenye saruji, kigoda kikivutwa, koki ikifunguliwa, maji. Hakukuwa na kitu kingine. Baba hakuuliza kama yameiva. Alioga kama mtu anayeoga nyumbani kwa watu.

Ilikuwa hivyo wiki mbili. Kituoni walisema Mzee Lita amerudi, anafika kabla ya ng'ombe. Nyumbani aliongea kidogo kuliko zamani, na hata zamani hakuwa msemaji. Ukuta ulikuwa mzima, tundu limezibwa kwa saruji pembezoni mwa bomba, hata kidole hakipiti. Kitinda aliyaona mabega yake yakishuka siku baada ya siku, na zaidi ya mara moja alijiuliza kama muuguzi angepima, nani kati yao aliyekatwa pumzi.

Ilipoisha wiki ya pili, asubuhi, baba alimwita kutoka bafuni. Alikuwa amekwisha kuvaa shati la kazi. Mvuke ulikuwa bado unaning'inia, jua la kwanza limeupenya. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, bega lake limeegemea ukuta, kiganja kimelala juu ya bomba.

"Njoo hapa," alisema. "Kohoa nisikie."

"Sasa hivi, baba? Hakijanishika."

"Jaribu."

Kitinda alisimama mlangoni, akaona aibu kidogo, akakohoa. Kilitoka chepesi, kimoja, hakikumkunja. Alijaribu kingine na hakikuja.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza kwa makini, kama anavyosikiliza kituoni mtu anapomtajia lita zake. Aliitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akageuza uso akauelekeza ukutani, karibu sana, midomo yake ikikaribia kugusa saruji.

"Kimepungua," alisema, na hakuwa akimwambia Kitinda.